Shangazi, baba mkwe ananinywesha bia chungu na mi nshamdanganya naipenda

Shangazi shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi sema sijawahi kuandika, leo limenifika. Niko Portland, Oregon, huu mwaka wa nne, kwetu Marangu ila nimekulia Moshi mjini. Mke wangu ni wa huku huku na tunaishi vizuri tu, shida yangu sio mke, ni baba yake, na sio kwamba mzee ni mbaya, mzee ni mtu poa hadi nakosa pa kumlaumu. Shida ni bia.

Mzee kastaafu na kazi yake kubwa saa hizi ni kupika bia nyumbani. Gereji yake ina masufuria utadhani kuna msiba, kuna ndoo, mipira, vipimajoto, na kwenye fensi kapanda yale maua ya bia yanaitwa hopsi yamepanda hadi juu. Kila Jumapili tukienda kula kwao ananifungulia IPA yake (ile bia chungu ya hopsi nyingi), anamimina mwenyewe, anakaa pembeni ananiangalia usoni. Sasa shangazi mi ni mtu wa Kili, nikibadilisha sana ni Serengeti Lite, baridi, chupa inatoka jasho, basi. Siku ya kwanza nimepiga funda moja nikahisi kama mtu kachemsha mwarobaini akatupia na ganda la chungwa, machozi yalinilenga. Mzee akauliza vipi, na mi kwa heshima ya mkwe nikasema aisee sijawahi kunywa bia nzuri kama hii tangu nifike Marekani.

Hapo ndo nilipojimaliza. Toka siku hiyo glasi yangu ndo inajazwa ya kwanza na inajazwa hadi juu. Nimejaribu kubana pua, nimejaribu kuinywa haraka iishe (anaongeza), miezi mitatu sasa nyingine namwagia kwenye chungu cha rozimari pale barazani. Wife alinifuma akacheka hadi akakaa chini. Kuna siku nilimwangalia mbwa wao nikawaza, huyu nimuwekee kidogo kwenye bakuli, mzee akaingia.

Sasa mwezi ujao anatimiza miaka 70 na katangaza mezani kwamba atapika bia maalum ya mimi na yeye, galoni tano, lita kama 19 hizo, anataka niwepo siku ya kupika na mimi ndo niipe jina la Kiswahili. Mama mkwe alitokwa na machozi. Shangazi nifanyeje? Mtu anaweza kujifunza kupenda kitu kichungu au ni ulimi wa kuzaliwa nao? Na kama haiwezekani natokaje hapa bila kumvunja moyo mzee wa watu?

Mkwe mwema, Portland

*

Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nilikuwa namsomea jirani, tumeihurumia ile rozimari.

Nianze na mbwa kabla sijasahau maana hilo sio utani. Hopsi kwa mbwa ni sumu kabisa, joto la mwili linapanda ghafla halishuki na wengine wanakufa, na pombe yenyewe pia haimfai. Kwa hiyo wazo hilo lifute, na siku ya kupika angalia yale makapi ya hopsi yanayobaki kwenye sufuria, yana utamutamu wa kimea mbwa anayafuata, yasiachwe chini wala yasitupwe pale yeye anapofika. Mzee kapika miaka mingi pengine anajua, lakini uliza.

Haya tuje kwako. Mi nimekaa kaunta Moshi miaka 11 kabla ya kuja huku Tacoma, nimewaona wanaume wazima wakikunja uso kwa stauti, ile bia nyeusi, halafu baada ya mwaka hawataki kingine, na nimewaona wengine miaka nenda rudi ni laga ile ile, bia nyepesi kama Kili yako, nauliza baridi au moto, najibiwa shangazi, baridi, na hakuna ubaya wowote. Kwa hiyo jibu la swali lako ni yote mawili. Ulimi wa uchungu tunazaliwa nao tofauti, binadamu ana vipokezi vya uchungu kama 25 na sio kila mtu vyake vinafanya kazi sawa, ndo maana nyumba moja mmoja anakula mchunga anaomba tena na mwingine anautema. Kazi ya uchungu mwilini ni kukupigia kelele kwamba hiki pengine ni sumu, sasa ulimi wako ulivyopiga kelele siku ile haukuwa mshamba, ulikuwa kazini. Ila ulimi nao unafundishika. Kahawa chungu ya vijiweni uliipenda siku ya kwanza? Uliianza na kashata mkononi, nusu kikombe, ukiwa na watu unaowapenda wanabishana mpira. Hakuna aliyekushikia kikombe kizima akakuangalia usoni.

Na kingine, we ni mtu wa Marangu halafu unaniambia chungu hujawahi kukutana nacho! Mbege umeinywa au ulikuwa unatoroka? Mbege ni ndizi mbivu na ulezi, vyote vitamu vile, kikiachwa hivyo hivyo kinakuwa uji wa sukari uliochacha, kinachoifanya mbege iwe mbege ni magome ya msesewe, na msesewe ni mchungu kuliko bia yoyote ya mkweo. Wazee wetu walijua kwamba utamu mtupu unachosha, unataka kitu cha kuukata. Basi hopsi ndo msesewe wa Wazungu. Kimea cha shayiri kinatoa utamu, hopsi inaukata na inasaidia bia isiharibike upesi. Mzee wako hafanyi kitu cha ajabu, anafanya walichofanya babu zako, sema kazidisha msesewe.

Sasa hapa ndo pa kutega sikio, maana ndo patakapokuokoa. Uchungu wa hopsi hauji tu wenyewe, unapikwa. Ile hopsi ina unga fulani wa njano ndani, mi nshaushika. Tulipita Yakima, jimbo la Washington, mwisho wa Agosti na binti yangu, huko ndo inakolimwa sehemu kubwa, kama robo tatu ya hopsi zote za Marekani, mashamba yamesimama kwenye nguzo na waya mita tano na ushee kwenda juu unajiona sisimizi. Mwenye shamba akanichumia ua moja, kidude cha kijani chepesi kama karatasi, umbo kama koni ndogo, akaniambia lipasue lisugue viganjani. Viganja vikawa na unga wa njano unanata kama utomvu, harufu ikapanda, chungwa, majani mabichi, kitu kama embe bichi, nikanusa mikono hadi tunafika kwenye gari. Nikalamba. Mungu wangu.

Kwenye ule unga kuna asidi ambayo ikichemka muda mrefu inabadilika na kuyeyuka kwenye bia, ndo uchungu wenyewe. Mpishi akitupia hopsi mwanzo kabisa ikachemka dakika 60 anapata uchungu mwingi na harufu yote imeenda na mvuke. Akiitupia dakika tano za mwisho, au baada ya kuzima moto, au akaiweka kavu kwenye ndoo wakati bia inamalizia kuchacha, anapata harufu nyingi ya matunda na uchungu kidogo. Hopsi ile ile, sufuria lile lile, imebadilika saa tu. Kwa hiyo mtu akikuambia IPA ni chungu mwambie inategemea imepikwaje. Zile za pwani ya magharibi za kizamani ni angavu, kavu, zinakukwaruza koo, na naona mkweo ni wa kundi hilo. Halafu kuna zile za ukungu zilizoanzia kule Vermont, zinaonekana kama juisi ya machungwa, laini mdomoni, hopsi karibu yote imewekwa mwishoni. Wengi waliokuwa wanasema IPA hapana waliingilia mlango huo.

Kuna namba pia utaiona imeandikwa kwenye makopo mengine, IBU, kipimo cha uchungu. Laga nyepesi unakuta ni 10 hivi, IPA ya Kimarekani inacheza 40 hadi 70, zile wanaita dabo zinapitiliza hapo. Usiiamini sana hiyo namba maana bia yenye kimea kingi inaficha uchungu, kama chai ya rangi iliyokolea ukiongeza sukari, lakini kwa mgeni inasaidia. We umetoka kwenye 10 ukarushwa kwenye 60 siku moja mbele ya mkwe! Hata mi ningetafuta rozimari.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kupika fanya hivi. Nenda na mkeo sehemu inayouza bia za kraft, zile za viwanda vidogo, hapo Portland, zimejaa, usiagize glasi kubwa, agiza lile trei la vigilasi vinne vidogo, kila kimoja mililita 120 na kitu. Mwambie wa kaunta ukweli, mi mtu wa laga, nipange kuanzia nyepesi hadi chungu, hawa watu wanapenda sana kuulizwa hivyo na wengi wanakuonjesha bure kabla hujalipa. Mwombe na peil eli moja (nayo ni ya hopsi ila ni nyepesi kuliko IPA) na IPA ya ukungu moja. Kula kwanza. Usitoke kunywa soda maana ukitoka kwenye utamu uchungu unajiona mara mbili. Iache glasi ikae kidogo isiwe na barafu, najua we umezoea ile ya kuuma meno, lakini hizi zikiwa baridi sana harufu inalala na unabaki na uchungu peke yake, yaani umelipia kitu ukakosa nusu yake. Inuse kwanza. Halafu usihukumu kwa funda la kwanza, la kwanza siku zote ni vita, hukumu kwa la tatu.

Angalia pia tarehe chini ya kopo. Bia hizi sio za kuweka, harufu ya hopsi ndo ya kwanza kufa, ikipita miezi mitatu minne ushakunywa kivuli chake. Na usinywe iliyokaa juani kwenye chupa ya kijani au nyeupe, mwanga ukiipiga hopsi inatoa harufu ya kicheche, unaijua ile, ndo maana chupa zetu nyingi nyumbani ni za kahawia.

Chakula sasa. Chumvi inanyamazisha uchungu, hilo linajulikana jikoni kwa kila mtu, na mafuta yanaupooza. Na sisi tuna kitu kimeumbwa kwa kazi hiyo, kitimoto, kimekaangwa vizuri kimekauka pembeni, chumvi, ndimu, ndizi za kuchoma. Pilipili weka pembeni, nakusihi, pilipili na bia chungu vinachocheana mdomo unawaka na pombe inaongezea mafuta ya taa. Nunua bega la nguruwe, mkaangie mzee Jumapili hii, halafu uone ile IPA yake inavyobadilika tabia ukiinywa baada ya kipande chenye chumvi. Mteja wangu mmoja alikuwa hawezi stauti bila karanga za chumvi, tukizikosa karanga anaaga anaondoka.

Angalia pia nguvu yake, maana unaweza ukaanza kuipenda ukasahau. Kili ya nusu lita ni asilimia 4.5. Kopo la dabo IPA la mililita 473 lenye asilimia 8, piga hesabu, ni zaidi ya Kili moja na nusu kwenye kopo moja, na sheria ya Oregon ukiwa na pombe asilimia 0.08 kwenye damu ukashika usukani umekwisha. Jumapili mwache wife aendeshe.

Sasa uongo wako. Nyumbani ungetuma mshenga, huko mshenga wako ni mkeo na najua ushawaza kumtuma, usimtume. Hili mwambie mzee mwenyewe, mkiwa wawili, gerejini, sio mezani mbele ya watu. Usianze na samahani ndefu. Mwambie Baba (endelea kumwita Baba hata kama huko wanaitana majina, nina uhakika anapenda), mi nimekulia kwenye laga nyepesi, bia yako siku ya kwanza ilinishinda nikaona aibu kusema kwa sababu ni wewe uliyepika. Halafu papo hapo muulize, hivi hopsi yako unaiweka dakika ya ngapi? Mwanangu, mpishi wa bia ukimuuliza hilo swali anasahau kila kitu ulichosema nyuma. Mi nawajua. Atakutolea daftari.

Na mwelewe pia anatoka wapi. Huyo ni mtu wa Oregon wa miaka 70, kakulia kwenye Marekani ya bia za makopo zinazofanana zote, nyepesi kama maji ya kuoshea glasi. Mwaka 1972 ndo ikatoka hopsi inaitwa Cascade, ilizalishwa hapo hapo Corvallis, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari toka kwako, na mwaka 1980 kiwanda kidogo cha Sierra Nevada kule Chico, California wakaitumia kwenye peil eli yao na nchi ikaanza kunusa bia upya. Mkweo alikuwa kijana. Kwake uchungu ule ndo ulikuwa uhuru, kama vile mtu wa kwetu wa rika lake anavyoongelea redio ya kwanza nyumbani. Anapokujazia glasi hadi juu hakutesi, anakukaribisha kwake.

Sasa hiyo bia ya wawili. Usimwambie akupikie laga ili ufanane na Kili, laga inataka ubaridi wa wiki nyingi na watu wa gerejini wengi hawana friji ya kazi hiyo, hamira yao inafanya kazi kwenye joto la kawaida la nyumba. Mwombe hivi: hopsi ya mwanzo iwe kidogo tu ya kushikilia, nyingine zote ziende mwishoni na kwenye ndoo, na asilimia isizidi tano ili mnywe mbili mkiongea. Kama zile za kwenye fensi zinakomaa saa hizi, chumeni wenyewe mkono kwa mkono mzitupie mbichi dakika za mwisho, huko Oregon wanafanya sana hivyo msimu wa mavuno. Pasua moja, sugua, nusa, ufanye mbele yake. Kama pua yako haitasema kitu hapo basi kweli hopsi na wewe hamkuandikiwa, na utakuwa umejaribu kiume, utakunywa nusu glasi ya heshima kila Jumapili na Kili yako kwenye friji, mzee hatakuwa na neno maana ulishamwambia.

Jina? Iite Msesewe. Atauliza maana yake nini, na hapo ndo unamhadithia mbege, ndizi, ulezi, magome, kata inavyozunguka kwenye mambo ya mahari, kwamba kwenu nako mtu hawi mkwe hadi pombe ipikwe. Ila jina tu, usije ukaagiza magome ya kweli toka Marangu ukamtupia kwenye sufuria, ule mti una dawa kali na kipimo chake wanakijua wanaoupika kila siku.

Na ufanye haraka, hilo nakwambia kama mtu wa kaunta. Bia ya hivyo inataka kama wiki mbili kuchacha na karibu wiki mbili nyingine kwenye chupa ijae gesi, sasa kama bethdei ni mwezi ujao mzee anapika wikiendi hii au ijayo, na hopsi za kununua pengine anaagiza kesho. Mpigie leo jioni akishamaliza kula.